Saizi ipi, ndugu yangu?

Kwenye kompyuta hakuna neno linalokera kama "saizi". Saa kumi na moja jioni, mfumo wa maombi ya kazi unafungwa saa sita usiku, mtu anasukuma simu kwenye dirisha la steshenari: "Kaka, nipunguzie saizi." Ipi? Picha moja ina saizi tatu na hazina undugu. Kuna milimita, zile za karatasi na mkasi. Kuna pikseli, vile vidoti vinavyoijenga picha. Kuna kilobaiti, uzito wa faili lenyewe. Mwambie achague moja, anakutazama kama umemuuliza mahari ya bibi yake. "Zote tu." Zote tu! Kama anaagiza supu.

Haya, tuchukue paspoti saizi, maana ndiyo inayotoa watu jasho. Ile ya 35 kwa 45 ni milimita. Gawa kwa 25.4 upate inchi, zidisha kwa 300, yaani vidoti ambavyo printa inaviweka kwenye kila inchi, zinakuja pikseli 413 kwa 531. Hizo zinatosha kabisa kuprinti uso wa mtu bila ukungu. Ukizihifadhi kama JPEG, ule mtindo wa kawaida wa faili la picha, kwa ubora 80 kati ya 100, mara nyingi faili halifiki hata kilobaiti 100. Kwa hiyo mfumo ukisema "isizidi KB 100" haujakuonea. Wewe ndiye unayeusukumia picha ya megabaiti 4 kama ilivyotoka kwenye simu, pikseli 4000 kwa 3000, ukuta, feni na kalenda ya mwaka juzi vyote ndani.

Kata kwanza, punguza baadaye. Uwiano wa kukatia ni 7 kwa 9, ambao ndio huohuo 35 kwa 45. Halafu ndiyo uende kupunguza, na hapo kimbembe kinaanza. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, ukifungua "Image Size" chini kuna kiboksi kinaitwa "Resample". Kikiwa hakina tiki, andika 72 badala ya 300 mpaka kidole kiote sugu, hujapunguza kitu. Pikseli ni zilezile, kilobaiti ni zilezile. Ulichobadilisha ni kibandiko kinachoiambia printa inchi moja ibebe vidoti vingapi. GIMP, programu nyingine ya picha, wao wametenganisha kabisa: "Print Size" ni kibandiko, "Scale Image" ndiyo inayopunguza pikseli. Na watu, kwa sababu wanazozijua wao na Mungu wao, wanaingia kwenye ile ya kwanza, wanabonyeza OK kwa fahari, kisha wanalalamika kompyuta ina virusi.

Na wale wa Paint, tafadhali, ile tiki ya "Maintain aspect ratio" haikuwekwa pale kama pambo. Ukiitoa ukajaza 413 na 531 kwa picha iliyopigwa kwa upana, uso unakuwa papai.

Kuna na wa kinyume. Picha yake ina pikseli 120 kwa 150, kaitoa kwenye wasifu wa mtu mtandaoni, anataka bango la mlangoni. Unaweza kuikuza, programu haikukatazi. Lakini ukiongeza maji kwenye chai, vikombe vinaongezeka, majani hayaongezeki. Programu inabahatisha rangi za katikati, na matokeo yake ni mtu aliyepigwa picha nyuma ya kioo cha bafuni. Dawa ni kurudi kwa mwenye picha halisi, naye akutumie WhatsApp kwa njia ya "Document". Akiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaiminya kwanza ili kuokoa bando, na ulichofuata kimeshabaki njiani.

Wenye iPhone nao wana lao. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo zinahifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, na mifumo mingi ya maombi haiujui. Basi mtu anabadilisha jina la faili, anafuta .heic anaandika .jpg, anatabasamu. Ukimwita paka Simba ataendelea kula dagaa tu. Fungua mipangilio ya simu, ingia Camera, kisha Formats, chagua "Most Compatible", halafu piga picha upya. Zile za zamani zifungue kwenye programu inayozisoma, uzitoe kama JPEG kwa heshima zote.

Sasa PDF. Hapa ndipo wanaume wazima wanalia. Vyeti vitatu, kurasa tatu, faili linakuja megabaiti 40, na mfumo unataka 2. Kosa halikufanyika kwenye PDF, lilifanyika kwenye skana, pale mtu alipoona namba 600 akasema kubwa ndiyo nzuri. Hebu tuhesabu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 600, yaani vidoti 600 kwa kila inchi, una pikseli 4960 kwa 7016, karibu milioni 35. Kila pikseli ya rangi inakula baiti tatu, hivyo ukurasa mmoja ni kama megabaiti 104 kabla haujaminywa. Kwa 300 ni 26. Kwa 150 ni sita na nusu. Ukiigawa dpi kwa mbili, uzito haupungui nusu, unapungua robo tatu, kwa kuwa umepunguza upana na urefu kwa pamoja. Cheti cha kawaida 200 kinasomeka vizuri. Herufi zikiwa ndogo kama za nyuma ya dawa, weka 300. Rangi ya kijivu inapunguza tena theluthi mbili, ila mhuri wa bluu utageuka kijivu, na wapo maofisa wasioamini mhuri usio na bluu. Hapo acha rangi.

Kama cheti kimeshaskaniwa na chenyewe kiko mkoani kwa mama, kuna Ghostscript, programu ya kompyuta unayoiandikia amri badala ya kubofya. Ni ya bure, na amri yake inasomeka kama mganga anayezungumza na mizimu:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Kwenye Windows badala ya gs unaandika gswin64c. Hiyo /ebook inashusha picha za ndani hadi dpi 150. Ukiweka /screen zinashuka hadi 72, faili linakuwa jepesi kama unyoya na jina lako kwenye cheti linakuwa fumbo. Na usiminye faili lililokwisha minywa. JPEG ikihifadhiwa juu ya JPEG ni sawa na fotokopi ya fotokopi. Mara ya tano unaona masizi pembeni mwa kila herufi.

Ila PDF ikiwa imetoka Word na ina maandishi matupu, usihangaike kuiminya. Uzito uko kwenye picha. Hakuna picha, hakuna cha kuminya.

Tukifika kwa wale wa "nibadilishie neno moja tu", hapo nahitaji kiti. PDF siyo Word iliyovaa suti. Ndani yake hakuna aya, kuna herufi zilizopigwa misumari, kila moja mahali pake. Word ya 2013 na zilizofuata zinaweza kuifungua, lakini zinabahatisha aya zilivyokuwa, na jedwali lako linatoka kama limepitiwa na daladala. LibreOffice Draw inakuonyesha ukweli wenyewe: kila mstari ni kiboksi chake. Halafu kuna hili la fonti. PDF nyingi hazibebi fonti nzima, zinabeba herufi zilizotumika tu. Hati ya "Amina Juma" haina sababu ya kubeba Z. Ukifuta Amina ukaandika Zuhura, ile Z inaazimwa kwenye fonti nyingine, na neno linakaa pale kama mgeni aliyekuja harusini na ndala. Ndiyo maana kila mara unaulizwa, "Faili la Word lipo?" Siyo uvivu huo. Na kama tarehe unayotaka ibadilishwe iko kwenye cheti cha kuzaliwa, tatizo lako halihusu programu tena, hiyo ni kesi.

Mwingine anabofya, anabofya, maneno hayashikiki. Vuta kipanya juu ya mstari mmoja. Ukurasa mzima ukiwa bluu kwa mpigo, au kusitokee kitu kabisa, hiyo ni picha ya maneno, maneno yenyewe hayamo. Ipandishe Google Drive, bofya kulia, chagua ifunguliwe na Google Docs. Itasoma picha na kukupa maandishi chini yake. Isome kwa jicho la mhasibu, kwa kuwa inachanganya sifuri na O, na moja na l. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, moja ikienda kombo umekuwa mtu mwingine.

Na wenye siri, sogeeni karibu. Mtu anataka kuficha mshahara kwenye hati, anachora boksi jeusi juu yake, anatuma ofisi nzima. Kawa haiondoi wali. Anayepokea anachagua maandishi yaliyo chini ya boksi, ananakili, anabandika kwingine, mshahara huo hapo mpaka senti. Ufute kwa kifaa chenye jina la "Redact", ambacho Acrobat ya kulipia inacho, au geuza ukurasa mzima uwe picha baada ya kuchora boksi, kisha utengeneze PDF upya kutoka kwenye hiyo picha. Word nayo hivyohivyo. Shemeji uliyemkata pembeni ya picha bado yumo ndani ya faili, mtu akibonyeza "Crop" anamkuta amesimama palepale. Ingia "Compress Pictures", weka tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures", ndipo aende zake.

Ya Word kwa picha ni mengi, ila hili moja linastahili faini. Unaingiza picha, kinaonekana kijistari chembamba tu, kama picha inachungulia dirishani. Unaifuta, unaiingiza tena, kijistari. Siyo picha mbovu. Aya uliyosimama imewekewa nafasi ya mistari ya "Exactly", tuseme pointi 12, na Word kwa utii wake wa askari kanzu inaonyesha pointi 12 za picha, basi. Fungua Paragraph, badilisha iwe "Single", picha inachomoza yote.

Sahihi sasa. Mtu anasaini kwenye karatasi, anaipiga picha, anaibandika kwenye fomu, na boksi lake jeupe linafuta mstari wa kusainia pamoja na tarehe. Word ina "Set Transparent Color", lakini inaondoa rangi moja tu, ileile hasa uliyobofya. Karatasi iliyopigwa chini ya taa ya sebuleni haina weupe mmoja, ina vijivu mia, kwa hiyo yanabaki madoa kama ukoma. Iweke kwanza GIMP, fungua "Levels", vuta kishale cha kulia kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe kweli. Kisha tumia "Color to Alpha" kuondoa huo weupe. Itoe kama PNG. Siyo JPEG! JPEG haijui uwazi, itajaza rangi nyuma na utarudi dirishani kulalamika.

Na GIMP ukibonyeza "Save" inakupa faili la .xcf, ambalo mfumo wa maombi hautaki hata kulisikia. Picha za kutuma zinatoka kwa "Export As". Brashi ikigoma kuchora, bonyeza Ctrl+Shift+A kwanza. Kuna eneo dogo ulilichagua asubuhi, limejificha pembeni, na brashi inachora humo tu.

Kuprinti je? Mtu amepanga picha zake sawasawa kwa milimita, akaacha printa kwenye "Fit". Kila kitu kinanywea kidogo ili kikwepe kingo, na 45 inakuwa 43. Chagua "Actual size". Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6, ukiisimamisha zinaingia paspoti sita. Ukiilaza zinaingia nane, nne juu na nne chini, na bado mkasi unapata njia. Wanaouziwa sita kwa bei ya karatasi nzima wajiulize. PDF ikitoka na herufi zilizoliwa ilhali kwenye kioo iko sawa, ingia "Advanced" kwenye dirisha la kuprinti la Acrobat Reader, weka tiki "Print as Image". Itachelewa kidogo, itatoka.

Basi yote yamekaa. Milimita sawa, pikseli sawa, kilobaiti 86, PDF megabaiti moja na nusu, jina la faili halina nafasi wala neno "final" mara tatu. Zimebaki dakika ishirini. Mtu anasema ngoja kwanza amtumie mjomba aikague. Anaituma WhatsApp, kama picha ya kawaida. Mjomba anajibu kwa sauti, dirisha zima linasikia: "Mbona ina ukungu, mwanangu? Mwambie huyo kijana aongeze saizi."