Nani Anayefunga Bao: Kocha au Mchezaji?

Usiku wa Agosti 22, 2025, Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walipotolewa na Madagaska kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kahawa ilitupoa vikombeni pale barazani Majengo, Mombasa. Mzee mmoja, winga wa enzi zake, alishikilia neno moja: "Timu haina mfungaji. Kocha atafanyaje?" Kijana aliyekaa upande wa pili wa jiko la makaa hakukubali. "Mfungaji yupo, mzee. Mpira ndio haumfikii." Wakabishana hadi kashata zikaisha. Nimeyarudia maneno yao mara nyingi tangu hapo, kwa sababu yanagusa jambo ambalo sisi wa Pwani tunalihitaji: namna ya kupanga mashambulizi na namna ya kulea washambuliaji.

Mzee ana ushahidi. Kwenye kundi lao Kenya waliwafunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Moroko na Zambia, wakatoka sare na Angola, wakaongoza. Lakini mabao yalikuwa manne tu katika mechi nne, mawili ya Austin Odhiambo na mawili ya Ryan Ogam. Bao la robo fainali lilitoka kwa beki, Alphonce Omija. Ukimwondoa Odhiambo na Ogam, safu nzima ya mbele haikufunga hata moja. Mzee alikumbusha pia Feisal ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, akiwa mtoto. Siku hizo, alisema, watu waliingia uwanjani na vipaji vyao, na mabao yakaja.

Kijana naye hakukosa la kusema. Dhidi ya Angola na dhidi ya Moroko, Stars walipata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wakamaliza wakiwa 10. Mshambuliaji wa timu pungufu hugeuka mlinzi wa kwanza: anakimbiza mabeki, anaziba njia ya pasi, na akiupata mpira yuko mita 50 kutoka langoni, peke yake. Kumhesabia mtu huyo mabao pekee ni kumdhulumu. Na aliyempa kazi hiyo ni kocha wao, Benni McCarthy, mtu asiyehitaji kuelezwa kiu ya fowadi, maana ndiye mfungaji bora wa muda wote wa Afrika Kusini kwa mabao 31 na alikuwemo Porto ilipochukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2004. Hata yeye alichagua pointi kwanza.

Kazi ya kocha kwenye mashambulizi ni ipi hasa? Jibu lililonikaa zaidi ni la Thierry Henry, mshambuliaji wa zamani wa Ufaransa, anapoeleza miaka yake chini ya Pep Guardiola pale Barcelona. Kwa maelezo yake, kocha alijipa jukumu la kuufikisha mpira kwenye theluthi ya mwisho ya uwanja, ile iliyo karibu na lango la wapinzani. Hadi hapo kila mtu ana mahali pake, na winga anabaki karibu na chaki hata kama dakika zinapita bila kuguswa na mpira. Kuanzia hapo mchezaji yuko huru. Wengi wetu tukimwona winga amesimama pembeni tunamwita mvivu. Lakini akisimama pale, beki wa pembeni naye hulazimika kubaki pale, na kati ya beki huyo na beki wa kati hufunguka uchochoro. Atakayepita humo ni mwingine, na ndiye atakayeandikwa magazetini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni Mei 2, 2009, Barcelona walipowafunga Real Madrid 6-2 huko Bernabéu. Guardiola alimsogeza Samuel Eto'o kulia na kumleta Lionel Messi katikati, kisha Messi akawa anarudi nyuma kwenye eneo la viungo. Mabeki wa kati, Cannavaro na Metzelder, wakakosa la kufanya. Wakimfuata wanaacha mlango wazi, wakibaki anageuka na mpira akiwatazama usoni. Messi alifunga mawili siku ile, na Henry, aliyekuwa akiingia kwenye nafasi zilizoachwa, naye akafunga mawili. Ni ubunifu wa kocha, sikatai. Lakini wengi wameuiga bila Messi, wakaishia kuwa na timu inayopasiana mbele ya kisanduku bila mtu ndani yake.

Sasa mtazame Romelu Lukaku, mshambuliaji wa Ubelgiji, ambaye kwangu ndiye kiini cha ubishi huu. Msimu wa 2020-21 akiwa Inter chini ya Antonio Conte alifunga mabao 24 ya ligi na timu ikatwaa ubingwa wa Italia. Pale alikuwa na mwenzake wa karibu, Lautaro Martínez, na nyasi za kukimbilia mbele yake. Akahamia Chelsea, na msimu uliofuata akafunga 8 ya ligi. Februari 2022, dhidi ya Crystal Palace, alicheza dakika 90 akaugusa mpira mara 7 tu. Umri ulikuwa uleule karibu, na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa: asimame peke yake, mgongo kwa lango, kati ya mabeki wanaomsubiri. Ukisimama hapo tu utamlaumu Thomas Tuchel, aliyekuwa kocha wa Chelsea. Lakini Lukaku naye alikwenda kwenye mahojiano kulalamikia mfumo hadharani, na fowadi aliyegombana na benchi hukimbia kwa shaka, hata akipewa pasi nzuri. Mimi nauweka mzigo mkubwa kwa klabu iliyomnunua bila kuuliza alifungaje huko alikotoka.

Kuna upande mwingine usiosemwa sana barazani. Msimu wa 2021-22 Manchester City, wakicheza mara nyingi bila namba tisa halisi, yaani mshambuliaji wa kati, walifunga mabao 99 ya ligi. Msimu uliofuata akaja namba tisa, Erling Haaland, akaweka rekodi ya mabao 36 katika msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza, na City kwa jumla wakafunga 94. Mabao yaliyokuwa yakigawanywa kwa viungo na mawinga yakakusanyika mguuni pa mtu mmoja. Je, alipunguza? Siwezi kusema hivyo kwa timu iliyochukua mataji matatu makubwa mwaka uleule. Alichobadilisha ni kazi za wenzake: waliokuwa wakiingia kisandukuni kumalizia wakawa watu wa kulisha. Kwa hiyo tukisema "tutafutiwe mfungaji", tujue tunaomba pia watu wengine watatu waache kufunga.

Turudi nyumbani, ambako ubishi huu una uzito wa aina yake. Kocha wa Ulaya akikosa mtu wa kazi fulani, anasubiri dirisha la usajili. Kocha wa Bandari, klabu yetu ya Mombasa, pale Mbaraki hana mfuko wa namna hiyo. Anashona nguo kwa kitambaa alichonacho. Bernard Mwalala, mshambuliaji wa zamani, alifanya hivyo mwaka 2019: Bandari wakamaliza wa pili kwenye ligi na kutwaa kombe la Ngao. Ndiyo maana, ingawa nampa mzee haki yake kuhusu kipaji, kwa ligi yetu naegemea upande wa kijana. Pale ambapo huwezi kununua mchezaji anayeufaa mfumo, mfumo ndio utakaomfuata mchezaji, na hilo linamdai kocha zaidi, wala halimpunguzii lawama.

Kwa watoto, hata hivyo, nageuka kabisa na kumfuata mzee: kipaji kwanza. Pita Tononoka jioni, au mchangani Nyali maji yakitoka, uwatazame wa miaka 12. Kila mmoja ni namba kumi, mchezeshaji wa timu, kila mmoja anataka kupiga chenga mbili kabla ya pasi. Baadhi ya makocha wameanza kuwafokea: simama pembeni, gusa mara moja, toa. Naelewa wanachotafuta, lakini inaniuma. Chenga ya mtoto wa Pwani ndiyo mali yake, na mtoto aliyezuiwa kujaribu akiwa na miaka 12 hatakuwa na cha kumalizia atakapofikishwa kwenye ile theluthi ya mwisho. Nidhamu ya nafasi inaweza kusubiri hadi 16 au 17. Ujasiri wa kumkabili beki ukipotea, sijaona kocha aliyeurudisha.

Baada ya CHAN, Ogam alisajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Mzee na kijana walibishana tena kama atafunga. Safari hii nilimwomba kila mmoja ahesabu kitu kimoja atakapomtazama: mzee ahesabu nafasi anazopoteza, kijana ahesabu mara ambazo anakimbilia nyuma ya beki na pasi haiji.