Ukivua helmeti, keji inakugeuka

Keji ya paipu za chuma, fremu inayofungwa ndani ya gari ili paa lisimwangukie dereva likibingirika, hutengenezwa kwa ajili ya dereva aliyevaa helmeti. Wanaojenga gari la kazi mbili, siku za wiki barabarani na Jumamosi treki, yaani uwanja wa mbio, hulipita jambo hilo upesi mno. Husema gari likishafungwa keji kamili huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, na kwa upande wa bodi ni kweli kabisa. Lakini Jumatatu mtu yuleyule anaingia ndani kichwa wazi, mkanda wa kawaida begani, na paipu imepita shubiri moja kutoka kwenye paji la uso. Msimamo wangu ni kwamba keji kamili, yenye miguu ya mbele inayofuata nguzo za kioo, isiendeshwe barabarani. Anayetaka gari moja kwa kazi zote mbili afunge nusu keji, ile inayoishia nyuma ya viti vya mbele.

Hesabu yake si ngumu. Kichwa kinachokwenda kilomita 20 kwa saa kikisimamishwa na chuma ndani ya milimita 2, hupata wastani wa karibu g 790, yaani mara 790 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kikisimama ndani ya sentimita 3, ambazo foemu ya ndani ya helmeti inaweza kuzitoa kwa kubonyea, ni kama g 50. Kasi ni ileile na paipu ni ileile. Na kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa maegesho, si wa treki.

Jibu la kawaida ni kwamba ukikaa vizuri kichwa hakifiki kwenye paipu. Ukikaa, hakifiki. Ukigonga, kinafika. Mkanda wa pointi tatu hujikaza kwanza, kisha katika magari mengi ya kisasa huachia kidogo kwa makusudi ili usivunje mbavu, na kwa kuwa umeshika bega moja tu mwili hujipinda. Kwenye mgongano mkubwa wa mbele kichwa kinaweza kusafiri karibu nusu mita. Ukigongwa ubavuni, kichwa huenda mlangoni, mahali ambapo gari la kiwandani hushusha pazia la hewa, mfuko wa hewa unaofunika dirisha. Ukiziba njia hiyo kwa paipu, pazia haliwezi kufunguka lilivyokusudiwa. Ukigongwa nyuma, mgongo wa kiti cha kawaida hulala, na kichwa huenda kukutana na upinde mkuu, ile paipu iliyopinda nyuma ya viti. Kwa hiyo pima hivi: kaa kitini, mkanda ukiwa umefungwa lakini bado unavutika, halafu jinyooshe mbele, pembeni na nyuma kadiri uwezavyo huku mwenzako ameshika futi kamba. Paipu yoyote utakayoigusa kwa kichwa haifai barabarani.

Wengine huvika paipu foemu na kuona wamemaliza. Ibonyeze kwa kidole gumba. Foemu laini, ile ya kuvishwa mabomba ya maji, huzama mpaka ukahisi chuma chini yake. Hiyo ni pambo. Foemu ya mbio, yenye alama ya viwango vya vifaa vya mbio, SFI 45.1 au FIA 8857-2001 aina A, karibu haibonyei. Watu hudhani imeharibika, kumbe ugumu huo ni wa makusudi, kwa sababu imepimwa ikipokea helmeti. Helmeti ina ganda la kusambaza pigo na foemu yake ya ndani. Fuvu tupu halina hivyo viwili. Foemu ngumu ni afadhali kuliko chuma kitupu, ila haigeuzi keji ya mbio kuwa ya barabarani. Ukiifunga kwa vibano vya plastiki, geuza ncha zilizokatwa zitazame mbali na uso, maana hukata kama wembe.

Nusu keji ni upinde mkuu nyuma ya viti, mihimili miwili ya kwenda nyuma na mshazari mmoja. Haina kitu mbele ya mabega yako, kwa hiyo dashibodi, mifuko ya hewa na mikanda ya kiwandani vinabaki na kazi yao. Sogeza upinde nyuma kadiri sakafu inavyoruhusu. Kwa vipimo, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, Kiambatisho J, kifungu cha 253, ni mwongozo mzuri hata kama hushindani popote: upinde mkuu wa chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Kila mguu usimame juu ya bamba lenye unene wa milimita 3 au zaidi na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120. Bamba dogo kuliko hilo hutoboa sakafu gari linapobingirika, na upinde unashuka pamoja na paa. Kama ni keji ya boliti, weka angalau tatu kwa kila mguu, M8 za daraja la 8.8 au zaidi.

Mkunjo wa paipu unasema mengi kuhusu fundi. Ukiona makunyanzi upande wa ndani, au paipu imekuwa bapa kwenye kona, ikatae. Kipenyo kifupi kwenye mkunjo kisipungue asilimia 90 ya kile kirefu. Kalipa inakuonyesha kwa dakika moja. Paipu za eksozi na za maji hazina nafasi hapa, hata zikiwa na kipenyo sawa. Uchomeleaji uzunguke paipu yote. Sehemu inayoachwa mara nyingi ni ya juu, karibu na paa, kwa sababu mkono hauingii. Fundi anayejua kazi hushusha upinde kwanza, anachomelea juu, kisha anaunyanyua na kufunga mabamba. Pitisha kidole au kioo kidogo pale juu kabla hujapokea gari. Alama za uchomeleaji zilizosagwa ili zipendeze zimepunguzwa nguvu. Kabla ya moto kuwashwa, toa waya za betri, na usiguse waya za mifuko ya hewa mpaka umesubiri muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa gari.

Mikanda ya mbio ndiyo inayoharibu magari mengi ya aina hii. Mkanda wa pointi nne kwenye kiti cha kawaida huvuta mkanda wa kiunoni kupanda tumboni, na dereva huteleza chini yake. Ndiyo maana ipo ile mikanda ya kupita katikati ya mapaja, na kiti cha kawaida hakina tundu lake. Mikanda ya mabega ianzie kwenye paipu ya upinde, na ukitumia HANS, kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kutupwa mbele, isishuke zaidi ya nyuzi 20 chini ya usawa wa bega. Ikifungwa sakafuni nyuma ya kiti, hukandamiza uti wa mgongo. Na mabega yakishikwa kabisa, kichwa hubaki peke yake kikiendelea mbele kikining'inia shingoni. Dale Earnhardt, dereva wa mbio za NASCAR za Marekani, alifariki uwanjani Daytona tarehe 18 Februari 2001 kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu. Oktoba mwaka huohuo NASCAR ililazimisha vizuizi vya kichwa, ingawa Robert Hubbard na Jim Downing walikuwa wameitengeneza HANS tangu miaka ya 1980. Kwangu, mikanda ya mbio bila HANS ni pungufu kuliko mkanda wa kiwandani ulio mzima. Kwa gari la kazi mbili, mkanda wa pointi tatu ubaki mahali pake na ndio utumike barabarani. Ukibadilisha kiti, hakikisha mkanda huo unalala juu ya mifupa ya nyonga, usiishie juu ya ukingo wa kiti.

Helmeti ya treki iwe na alama ya Snell, shirika linalopima helmeti, aina ya SA, si M. M ni ya pikipiki: haijaribiwi kwa moto, wala haigongeshwi kwenye chuma cha mviringo kinachoiga paipu ya keji. Kuanzia SA2015 kuna matundu ya skruu za M6 ya kufungia vishikizo vya HANS. Usitoboe ganda mwenyewe. Snell hushauri kubadilisha kila miaka 5, na mapema zaidi ikishapata pigo, kwa sababu foemu iliyobonyea hairudi. Kuijaribu, kaza kamba, kisha mtu aisukume kutoka kisogoni kwenda juu na mbele. Ikitoka kichwani, ni kubwa. Kuivaa barabarani si suluhisho la keji kamili: inaziba masikio na inapunguza unachokiona pembeni, vitu viwili unavyovihitaji zaidi kwenye foleni kuliko treki.

Kumbuka kwamba helmeti hukuongezea urefu wa sentimita kadhaa. Kwenye gari la wazi, laza fimbo iliyonyooka kutoka juu ya upinde mkuu hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, wewe ukiwa umekaa na umevaa helmeti. Fimbo ikigusa helmeti, shusha kiti au ongeza urefu wa upinde. Nafasi ya sentimita 5 ndiyo ya kulenga.

Viti vya nyuma vitolewe kabisa. Abiria wa nyuma, hata mtoto, ana upinde mkuu usoni mwake, na hakuna foemu itakayolirekebisha hilo.

Aliyekwisha kufunga keji kamili aangalie kwanza viungo vyake. Kama sehemu ya mbele imeunganishwa kwa vibano vya boliti, ifungue kwa siku za barabarani na uirudishe treki, ukikaza boliti kwa spana ya kipimo na kuzikagua tena baada ya mzunguko wa kwanza. Kama imechomelewa, gari hilo sasa ni la kubebwa kwa trela hadi treki.