Maxi Jazz: Alibebwa na Midundo au Aliibeba?

Maxwell Fraser, mghani wa Uingereza aliyejulikana kwa jina la Maxi Jazz, alifariki tarehe 23 Desemba 2022 akiwa na umri wa miaka 65. Ameacha swali ambalo wapenzi wa muziki wa kielektroniki wa Uingereza hulijibu kwa namna mbili: je, alikuwa roho ya Faithless, kundi lake la muziki wa dansi, au alikuwa sauti iliyopambwa na ufundi wa watayarishaji Rollo na Sister Bliss?

Wanaoshikilia jibu la pili wana hoja nzito. Katika "Insomnia", wimbo uliotoka mwaka 1995 na kufika nafasi ya 3 katika chati za Uingereza ulipotolewa upya mwaka uliofuata, umati hauruki wakati Maxi Jazz anaghani. Huruka pale anaponyamaza na kinanda cha Sister Bliss kikaingia. Isitoshe, miaka mingi kabla ya Faithless, kijana huyo wa Brixton alitangaza vipindi vya hip hop katika redio isiyo na leseni jijini London, kisha akaongoza kundi lake mwenyewe, bila kuvuka mipaka ya mashabiki wachache. Mwaka 2015 aliunda kundi la E-Type Boys, akashika gitaa na kuchanganya rege, fanki na bluzi, na safari hiyo pia umma mkubwa haukumfuata. Kwa hesabu hiyo, kila alipokuwa peke yake hakufika mbali.

Hata hivyo, hoja hiyo inapima umaarufu, haipimi kazi. Kinanda kile cha "Insomnia" kina nguvu kwa sababu kimetanguliwa na mtu mwenye sauti nzito, isiyo na haraka, anayesimulia usiku wa mtu asiye na fedha wala usingizi. Mondoe msimuliaji huyo, na kinachobaki ni mlipuko mmoja miongoni mwa mamia yaliyosikika katika klabu za miaka ile, mizuri bila shaka, lakini isiyo na anayeisubiri. Ikumbukwe pia kwamba waimbaji wengi wa house, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, walikodiwa kwa kiitikio kimoja na wakasahauliwa, ilhali Maxi Jazz aliandika maneno yake na jina lake limo miongoni mwa watunzi wa wimbo huo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni umri. "Insomnia" ilipotoka alikuwa na miaka 38, umri ambao hip hop ya wakati huo, iliyouza ujana kuliko kitu kingine, isingempa nafasi rahisi. Sakafu ya dansi ilimpa. Mtu mzima, muumini wa dini ya Kibuddha, aliweza kuzungumza na vijana bila kujifanya kijana, na mwaka 2004, vita vya Iraki vikiendelea, aliingiza katika "Mass Destruction" mashairi yanayoweka hofu, uchoyo na ubaguzi wa rangi katika mizani moja na mabomu. Albamu iliyobeba wimbo huo, No Roots, ilishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza.

Bei aliyolipa ni kwamba muundo huohuo wa nyimbo za dansi ulimbana: beti fupi, kurudiarudia, kisha kukiachia kinanda nafasi. Gitaa na bluzi havikuwa na pa kukaa humo, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanaomsifu mno wanapopitiliza, kwani Faithless ilionyesha sehemu moja tu ya msanii huyu.

Aliachana na kundi hilo mwaka 2016. Faithless ilitoa albamu ya All Blessed mwaka 2020 bila yeye, na wapinzani wake wakaweza kusema kwamba gari limeendelea kutembea. Lakini tazama nani waliitwa kujaza nafasi: sauti kadhaa, akiwemo mshairi Suli Breaks, kwa kazi ambayo zamani ilifanywa zaidi na mtu mmoja.