Kukata kitambi na kujenga misuli kwa mpigo: nani anaweza?

Ingia jimu ya mtaani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, useme unataka kitambi kiishe na kifua kitokee kwa wakati mmoja. Wakongwe watakujibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Kwao, unakula kwanza ushibe, unanyanyua vyuma vizito mpaka mwili ujae, ndipo upunguze chakula ukate mafuta. Mitandaoni nako wapo wakufunzi wanaoahidi vyote viwili ndani ya wiki nne.

Wakongwe hawabahatishi. Mwili unaolishwa pungufu hujenga misuli kwa shida. Mapitio ya tafiti ya Murphy na Koehler ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba upungufu wa kilokalori 500 hivi kwa siku unatosha kufuta ongezeko la misuli ambalo mazoezi yangeleta. Nguvu, ajabu, ziliendelea kupanda kama kawaida.

Lakini ushauri wao ni wa watunisha misuli wa mashindano, watu wasio na akiba ya mafuta ya kutegemea. Anayeanza mazoezi mtaani kwetu mara nyingi ni baba mwenye kitambi ambaye hajawahi kugusa chuma. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kilokalori kama 7,700. Mwenye kilo 10 za ziada anatembea na 77,000. Kumwambia huyo ashibe kwanza apate nishati ya kujenga misuli ni kumwongezea kitambi tu.

Ushahidi unaomtetea upo. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia nishati kwa asilimia 40 ya mahitaji yao na kuwafanyisha mazoezi makali siku sita kwa wiki. Nusu walipata protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nusu gramu 1.2. Baada ya wiki nne kundi la kwanza lilikuwa limepoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za uzito usio wa mafuta. La pili lilipoteza mafuta kilo 3.5, na huko kwingine halikuongeza chochote cha maana.

Wauza programu wanapenda matokeo ya aina hiyo, ila husahau kusema kwamba vijana wale waliandaliwa chakula na kusimamiwa mazoezini. Halafu uzito usio wa mafuta si misuli mitupu. Maji nayo yamo.

Kwangu mimi, ugumu uko kwenye sahani. Tafiti nyingi zikijumlishwa, gramu 1.6 za protini kwa kilo ndicho kiwango ambacho ukikipita faida huwa ndogo. Mwenye kilo 80 anahitaji basi kama gramu 128. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kikombe cha maziwa 8. Sasa tazama sahani ya mchana ya kawaida: mlima wa ugali, mchicha, dagaa vijiko viwili pembeni. Sahani hiyo igeuzwe: dagaa wajae, ugali uwe ngumi moja. Dagaa wakavu wana protini nyingi kwa bei ambayo unga wa protini wa kopo hauwezi kushindana nayo, na sioni kwa nini anayeanza aambiwe anunue kopo. (Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini.)

Kasi pia ina neno lake. Nchini Norwei, utafiti wa 2011 uliwalinganisha wanamichezo waliopunguza uzito polepole, asilimia 0.7 ya uzito wao kwa wiki, na waliopunguza mara mbili ya hapo. Wa polepole waliongeza uzito usio wa mafuta. Wa haraka hawakuongeza. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni nusu kilo na ushee kwa wiki, ingawa kuna wiki mizani inaweza kukaa palepale huku suruali ikilegea. Futi kamba ya fundi cherehani kiunoni itamwambia zaidi.

Aliyezoea vyuma miaka mingi na ambaye tumbo tayari limelala, huyo awasikilize wakongwe: achague moja, amalize, ndipo ageukie la pili.