Likizo ya Mtu Mmoja na Kigari Cheupe

Nani aliyesema safari ya peke yako ni mapumziko? Mnioneshe nimsalimie.

Mimi mtoto wa Tanga, naishi Uholanzi ambako usafiri wangu ni baiskeli. Nikajipa wiki moja ya kuzunguka Andalusia, kusini mwa Hispania, kamera shingoni. Málaga nikakabidhiwa kigari cheupe cha kukodi, usukani kushoto. Sasa udereva wangu ni wa nyumbani, wa magari ya Kijapani. Kila nikitaka kubadili gia, mkono wa kushoto unagonga mlango. Nikitaka kuwasha indiketa, zinaamka waipa. Julai, jua la kukaangia chapati, wingu hata la dawa hakuna, na mimi napangusa kioo kwa bidii. Walio nyuma sijui walidhani nanyeshewa peke yangu.

Ronda nilifuata daraja. Linaitwa Puente Nuevo, yaani Daraja Jipya. Jipya! Lilikamilika 1793. Basi na mimi bado kijana. Lakini jamani, lile korongo! Daraja limepanda karibu mita 98 kutoka chini, na kwenye picha lilikaa vizuri mno, kasoro moja tu: mimi simo. Nikamwomba mzee mmoja anipige. Akapokea kamera kwa heshima zote, akafumba jicho, akanipatia picha ya viatu vyangu na dole gumba lake. Nikashukuru, ningefanyaje?

Ndipo nikapata wazo la shahidi. Kila nifikapo nakiegesha kigari, nakipiga picha, mandhari nyuma yake. Wakibisha kwamba nimeokota picha mtandaoni, gari hilo hapo. Arcos de la Frontera vichochoro ni kama vya Mji Mkongwe, nikakunja vioo vya pembeni na tumbo nikalivuta ndani, kana kwamba mimi ndiye ninayekwama. Bibi mmoja dirishani alinitazama kama taarifa ya habari.

Córdoba nikaingia saa kumi na moja jioni, njaa inanila. Majiko yamefungwa, chakula mpaka usiku! Usiku huo nikaletewa salmorejo, supu ya nyanya, baridi. Nikamwambia mhudumu imepoa. Akasema ndivyo inavyoliwa. Kwetu supu ikipoa ni kesi. (Nililamba bakuli, lakini hayo yabaki hapa hapa.)

Granada, ndani ya Alhambra, gari haliingii, kwa hiyo shahidi sina. Kuta za kasri zimejaa maandishi yale yale, tena na tena: "Wa la ghaliba illa Allah," yaani hakuna mshindi ila Mungu. Madrasa ikanirudia, nikayasoma kwa sauti. Kosa! Watalii wakanizunguka wakidhani mimi ni mtembezaji, na kabla sijajieleza nimeshikishwa simu nne niwapige picha. Nimewapiga vizuri, wote wamo. Mimi simo.

Juzi nikatuma picha chache kwenye kundi la ukoo. Dakika tano hazijapita: "Hongera kwa gari!" Shangazi: "Mungu hamtupi mja wake." Nikaandika kwa herufi kubwa, NI LA KUKODI. Nani asome? Mjomba akapiga simu kabisa.

"Mpwa wangu, nyeupe inashika uchafu, lakini si neno. Linafika bandarini lini?"