Gurudumu la Mwanza: anayeuliza habari za matunzo asikilizwe

Wazo la kusimamisha gurudumu kubwa la kutazamia, lile linalopandisha watu juu waone mandhari, kwenye ufukwe wa Mwanza likitajwa, anayeuliza habari za matunzo huambiwa hapendi maendeleo. Anaonewa. Swali lake ndilo la kihandisi kuliko yote.

Wanaolitaka wana hoja. Mji umekaa juu ya mwamba, na ziwa ni njia ya kuleta vipande vizito: London walivipitisha kwa matishari Mto Thames, wakaliunga gurudumu lao la mita 135 likiwa limelala juu ya maji, wakalinyanyua mwaka 1999. Hapa kwetu, Bandari ya Mwanza Kusini, mafundi wetu na Wakorea wameunda MV Mwanza, meli ya zaidi ya mita 90. Kulisimamisha tunaweza.

Kazi ni likianza kuzunguka. Gurudumu la namna ya London limefungwa kama la baiskeli: ukingo umeshikwa na nyaya za chuma kutoka kwenye kitovu. Waya ukiwa chini ya kitovu hukazika kwa uzito. Ukifika juu hulegea kidogo. Mzunguko wa nusu saa, kukazika na kulegea mara moja. Kwa saa kumi ni mara 20 kwa siku, zaidi ya 7,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu upepo wa ziwa. Chuma huchoka hivyo, kwa mzigo wa kawaida unaojirudia, na ufa hupenda kuanzia penye uchomeleaji. Unapokuwa mchanga jicho haliuoni. Lazima upimwe kwa vifaa.

Melbourne yaliwakuta. Gurudumu lao la mita 120 lilifunguliwa Desemba 2008, likafungwa baada ya siku 40 kwa sababu ya nyufa, likarudi Desemba 2013. Siku 40 za kukata tiketi, kisha karibu miaka mitano ya kulipa bila kuingiza! Mwaka 2021 likafungwa tena. Na hiyo ni Australia, yenye wakaguzi na maabara za kutosha. Kwetu, ambako mtu akipanda majabali ya Capri Point analiona ziwa bure, tiketi zitalipa mishahara ya wapimaji?

Mwekezaji atakayeweka benki fedha za ukaguzi na vipuri vya miaka kumi kabla ya kumwaga zege, nitamuunga mkono bila kusita.