Bagamoyo si Livingstone peke yake

Ndugu mwandishi, asante kwa kuyakumbuka makanisa ya Bagamoyo, ila nusu nzima ya makala umempa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Yeye alifika pale akiwa maiti, Februari 1874, akalazwa usiku mmoja tu kisha akavushwa kwenda Zanzibar. Tena waliombeba toka Chitambo, kijiji alikofia katika Zambia ya leo, wasaidizi wake akina Chuma na Susi, umewataja kwa mstari mmoja!

Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, wakati misafara ya watumwa bado inashuka pwani. Walikomboa watu, wengi wao watoto, wakawaanzishia kijiji kando ya misheni. Watoto hao walisoma, wakalima mashamba ya misheni, wakaoana humo humo. Hao ndio waumini wa mwanzo kabisa wa kanisa lile la kale lenye mnara, lililoanza kujengwa 1872. Na tusifiche: maisha ya kijijini yalikuwa ya amri na kengele, na si kila aliyekombolewa alijiona yuko huru. Hilo nalo ni historia ya kanisa, liandikwe.

Kanisa kubwa la sasa lilikuja baadaye sana, 1910 hadi 1914, kwa hiyo picha yake uliyoweka juu ya makala siyo ya kanisa alimolazwa Livingstone. Naomba mrekebishe.

Mkirudi, simameni pale kwenye mbuyu wa misheni. Kuna mnyororo ulimezwa na shina, zimebaki pete chache tu nje. Nimepeleka wanangu wakazigusa kwa vidole. Pigeni picha hiyo.